Mstari wa Kwanza wa Kitabu cha Efrazia

Mimi nauza karoti na pilipili hoho soko la Lushoto, na kama una haraka ya kulijua jina langu, subiri. Hapa sokoni mimi ni Mama Idrisa. Wateja wananiita Mama Idrisa, mume wangu ananiita Mama Idrisa, hata imamu akinikuta njiani ananisalimu hivyo hivyo. Jina nililopewa na baba yangu nitalitaja, lakini nitalitaja pale nilipolitaja siku ile, si kabla. Na habari yenyewe si yangu. Ni ya Efrazia wa maktaba. Kwa adabu ningemwita Mama Sesilia, ila mwenyewe kaniambia, "Ukinisimulia niite Efrazia, nimechoka kujificha nyuma ya mtoto." Basi, ruhusa ninayo.

Efrazia si mzaliwa wa milimani. Kwao ni Magoma, kule chini ambako ukianika mahindi asubuhi jioni yanakuchekea. Aliolewa akapandishwa Magamba, ukingoni mwa msitu, mahali ambapo mwezi wa saba ukifungua mdomo unatoka moshi. Mama mkwe alimpokea mlangoni kwa maneno manne: "Mmeniletea mtu wa nyika." Kwetu Washambaa nyika ni huko bondeni kwenye jua na miiba, na kuitwa mtu wa nyika si sifa. Miaka kumi na tisa bibi yule aliendelea na jina hilo. Mtu wa nyika, kuni ziko wapi? Mtu wa nyika, chai yako imepoa. Efrazia anaitika, "Ndiyo, mama," na moyoni anafukuta. Aliniambia kuna siku alitamani kuteremka Magoma kwa miguu na asigeuke nyuma.

Sasa shikeni jambo moja, maana ndilo lililokuja kutulipukia. Kwetu jina la mkwe halitamkwi. Hulisemi, huliandiki, na mtoto wa jirani akiitwa jina hilo hilo, wewe unamtafutia jina jingine la kumwitia. Mama wa mume wako ni mama, au ni mkwe, basi. Vijana wanacheka wakisikia hivyo. Wakishaoana, nawaona wanavyochunga ndimi zao.

Maktaba yetu iko juu ya soko, vyumba viwili tu, kimoja cha vitabu na kingine cha mabenchi. Wananchi walisomba mawe, na Mfuko wa Nuru ya Milima, wenye ofisi yake Korogwe, ukaleta mabati, vitabu, na baadaye projekta. Efrazia aliingia pale na ufagio. Mkutubi wa zamani alikuwa mzee mmoja aliyependa ukimya kuliko vitabu. Mvua ikinyesha tukajibanza chini ya bati lake, anatoka kutufukuza kama kuku. Alipostaafu hakuletwa mwingine. Efrazia akabaki na ufagio, funguo, na barua inayosema yeye ni kaimu, yaani kazi zote zako na cheo si chako.

Alhamisi ni siku ya gulio. Tunashuka na mizigo alfajiri, ikifika saa tano wanunuzi wa jumla wameshachagua wanachotaka, kisha tunakaa tu. Malori ya Dar yanapakia kuanzia saa nane na nusu, na magari ya kurudi vijijini ni baadaye zaidi. Hapo katikati mwanamke atafanya nini? Anasinzia juu ya kiroba, anasengenya, analowa. Siku moja mvua ya mawe ilitukuta, tukakimbilia bati la maktaba kwa mazoea, tukingoja kufukuzwa. Mlango ukafunguliwa.

"Ingieni," Efrazia akasema.

Tukatazamana. Mama Heri wa kabichi, namtaja hivyo kwa kuwa tuna akina Mama Heri wengi, akauliza, "Na haya matope?"

Efrazia akaziangalia gambuti zetu. "Ufagio ninao. Ingieni, mnaleta baridi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alhamisi iliyofuata alimwita nesi aje atueleze habari ya presha, na nyingine akaja mfuga nyuki wa Magamba. Ile ya tatu akatundika shuka jeupe ukutani akatuonyesha filamu ya ugonjwa wa viazi. Madirisha hayakuwa na pazia, kwa hiyo kila mmoja wetu alileta blanketi, tukayatundika mpaka chumba kikawa giza. Saa sita na nusu mpaka saa nane, bure. Wazungumzaji alikuwa anawavizia mwenyewe. Anasimama barabarani saa sita, bwana shamba akipita kwenda kula, anamdaka: "Bwana shamba, leo kula kwetu. Kuna viazi na maharage. Ukishashiba utaongea kidogo." Nani atamkatalia?

Watu walisema. Walisema tunaenda maktaba kulala. Na kweli, wiki za kwanza tulikuwa tunalala! Mtu umeamka saa tisa za usiku, umebeba tenga kutoka kijijini, ukakalia benchi kavu kwenye chumba chenye joto, utafanya nini kingine? Efrazia hakumwamsha mtu. Alisema aliyelala penye vitabu angalau ameshafika.

Mkwe wake alikuja ili amfumanie. Alisikia kwamba mkaza mwanawe anaziba madirisha kwa mablanketi na kuwawekea watu sinema mchana kweupe, akapanda gari la Magamba na fimbo yake, akakaa benchi la mbele aione hiyo aibu. Siku hiyo ilikuwa filamu ya mizinga ya nyuki. Dakika tano hazijapita bibi anagombana na mtu wa kwenye shuka. "Mzinga hauwekwi hivyo, wewe! Hujui upepo unatoka wapi?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni, na iliyofuata, na iliyofuata. Lakini kusifu, thubutu! Akitoka anasema, "Picha ya mtu wa nyika haina sauti," na wiki ijayo yupo.

Ili projekta ibaki, Mfuko ulitaka kitabu cha mahudhurio: jina kamili, kijiji, saini. Wengi wetu tuna shida, mwingine hakusoma, mwingine macho hayaoni, mwingine vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Efrazia akawa anatuandika mwenyewe, na alituandika kama anavyotuita. Mama Idrisa. Mama Heri. Mama Heri. Mama Heri wa Ubiri. Mama Salimu. Mama Salimu mkubwa. Hakuona kosa, na kalamu ingekuwa mkononi mwangu ningeandika hivyo hivyo. Utamwandikaje mama wa watu jina tupu, kama mtoto wa darasa la pili? Na mstari wa kwanza, kwa kuwa bibi alikuwa wa kwanza kufika, kila Alhamisi aliandika neno moja tu: Mkwe.

Haya, tuje kwa Sefania. Sefania ni dalali wa viazi na kabichi, tena ni mjumbe wa kamati ya maktaba. Msiniulize alifikaje huko. Kitabu cha mwisho alichokifungua nadhani ni cha darasa la nne. Mwezi wa tatu Efrazia akamleta ofisa wa vipimo atuzungumzie lumbesa. Lumbesa mnaijua. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linashonewa kilemba, na kilemba hicho kina viazi ambavyo dalali anaondoka navyo bila jasho. Ofisa alikuja na mizani yake, akapima gunia mbele ya macho yetu, akatueleza sheria inasema nini. Kisha Mama Heri wa kabichi akasema, "Kumbe miaka yote hii nambebea mtu mzima mzigo wake kwa mgongo wangu!"

Gulio lililofuata tulikataa vilemba. Akina mama wapatao thelathini, tumesimama na sindano zetu za magunia. "Shona hapo hapo mdomoni, basi." Sefania alitutolea macho. "Nani kawafundisha haya?" Tukamwonyesha kwa kidole, kule juu kwenye bati la maktaba. Lilikuwa kosa letu lile. Tungenyamaza.

Maana haukupita mwezi, barua ikaenda Korogwe. Ilisema kaimu wa maktaba anajaza kitabu kwa watu hewa ili Mfuko usichukue projekta yake, na kwamba mjumbe mwenye uchungu na mali ya umma ameona ni wajibu wake kuarifu. Uchungu! Sote tulijua anakitaka chumba cha mabenchi kiwe stoo ya viazi.

Mkaguzi alikuja Alhamisi, akiitwa Ndugu Anord. Sitamsema vibaya, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi tu, kapanda mlima na kashati kepesi ka Korogwe, anatetemeka kama kifaranga. Na asubuhi ile ile Sefania akatangaza sokoni: "Leo malori yanapakia saa sita! Asiyekuwepo na mzigo wake, mzigo unabaki!" Haijawahi kutokea. Tulielewa baadaye, lakini wakati ule tulishika viroba vyetu tukasubiri kupakia. Mimi nilikimbia juu dakika moja tu kumwambia Efrazia kwamba leo hatuji.

Nikawakuta. Anord mezani na kitabu wazi, Efrazia kasimama mbele yake mikono nyuma, Sefania dirishani anachokonoa meno kwa kijiti.

"Mama, hapa kuna Mama Heri saba kwa siku moja," Anord anasema.

"Ndiyo. Ni saba."

"Wote wamezaa Heri?"

"Heri ni jina zuri," Efrazia akasema.

Anord akafunika uso kwa kiganja. "Mama yangu, mimi siwezi kurudi na hiki kitabu ofisini. Kikao kinaanza saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Na sasa ni saa sita na dakika ishirini. Watu wako wapi?"

Mabenchi yalikuwa matupu. Hata la mbele lilikuwa tupu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku na gari la Magamba lilikuwa halijafika. Sefania akatema kijiti chake. "Si niliandika?"

Anord akafungua ukurasa wa Alhamisi iliyopita. "Tufanye hivi. Hapa kuna watu arobaini na mmoja. Nasubiri mpaka saa saba. Kila mmoja aje, asimame, aseme jina lake kamili niandike. Akipungua hata mmoja, naandika kwamba kitabu ni cha uongo. Projekta narudi nayo leo, kuhusu chumba kamati itaamua, na wewe, mama, unajua kaimu wa kitabu cha uongo anaishia wapi."

Efrazia alinitazama mimi tu. Ndugu zangu, mimi nina hasira za karibu, kila mtu sokoni anajua. Nilishuka ule mteremko sijui kwa miguu au kwa makalio.

Malori yalikuwa yameshafungua milango. Nilipanda juu ya kiroba changu cha karoti, nikapiga kelele ambayo hata wauza nguo wa upande wa pili waligeuka.

"Jamani! Kule juu tunaambiwa hatupo!"

"Hatupo wapi?"

"Hatupo! Sisi ni watu hewa! Tumeandikwa na hatujazaliwa! Mama Heri, wewe ni hewa?"

Mama Heri wa kabichi akajitazama kutoka juu mpaka chini, na ni mwanamke mkubwa yule. "Hewa yenye kilo tisini?"

Nikawaeleza, haraka haraka, kama mtu anayezima moto. Saa saba. Wote, bila kupungua. Jina kamili. Vijana wa Sefania wakawa wanapiga kelele, "Lori haliwasubiri! Pakieni!" Mama Salimu mkubwa akaniuliza kwa upole, "Na mzigo, mwanangu?" Ana wajukuu wanne yule mama, mzigo wake ndio kila kitu.

"Mzigo utabaki, mama."

Akafikiri. Akalitazama lori, akautazama mlima. Halafu akaliachia gunia lake la viazi, likadondoka kwenye tope pwaa, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni. "Viazi vimewahi kulala. Mimi kuitwa hewa sijawahi."

Tukapanda. Honi zinapigwa nyuma yetu, hatukugeuka. Tuliingia maktaba na gambuti zetu na tope letu lote, tukajaza mabenchi, wengine wakasimama ukutani. Sefania rangi ilimpotea usoni. Efrazia alikuwa amekaa, na alipotuona akainuka, akaenda kutundika mablanketi kana kwamba ni Alhamisi ya kawaida. Alitundika mawili, mikono ikamshinda, akaacha.

"Nani anaanza?" Anord akauliza.

Nikasimama mimi. "Naitwa Zuhura," nikasema. "Zuhura Salimu Shekue." Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Mara ya mwisho kulisema jina lile lote ilikuwa kliniki nikiwa na mimba ya Idrisa, na Idrisa sasa ana ndevu. Mama Heri wa kabichi akafuata: "Mwanahawa Abdala Singano!" Alilisema kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mama Heri wa Ubiri akasema Latifa, kisha akaziba mdomo na kucheka kama msichana. Mama Salimu mkubwa aliposema, "Mwajuma," machozi yakamtoka, hakuficha. "Mwajuma," akarudia, "baba ndiye aliyekuwa ananiita hivyo." Tulikaa pale tunasikilizana. Miaka kumi na tano nimepakana na Mwanahawa meza kwa meza, tumekopeshana chumvi na kuuguziana wagonjwa, na sikuwa nalijua jina lake. Niliona haya.

Anord aliandika mpaka vidole vikamuuma. Arobaini. Saa ilikuwa saba kasoro dakika nane. Akarudi juu ya ukurasa.

"Amebaki mmoja. Mstari wa kwanza. Mkwe." Akainua kichwa. "Huyu nani?"

"Mkwe wangu," Efrazia akajibu.

"Jina lake?"

Efrazia akatikisa kichwa.

"Mama, jina tu. Nikiliandika nafunga kitabu, tumemaliza."

"Siwezi."

"Hulijui?"

"Nalijua. Siwezi kulitaja."

Anord akamsogezea karatasi. Nilimwona anataka kusaidia. "Basi andika hapa, nitasoma mwenyewe kimyakimya."

"Kuandika ni kutaja kwa mkono, ndugu yangu."

Akatugeukia sisi. Lakini sisi tungelijua wapi? Bibi wa Magamba, kwetu ni Bibi, au Mama Dotto, kwa kuwa Dotto ndiye mwanawe, mume wa Efrazia. Na Mama Dotto ndiyo yale yale yaliyotuleta hapo. Sefania akapata pumzi. "Anajificha nyuma ya mila. Hayupo huyo! Mtu hewa, nilisema mimi!"

"Mama Sesilia, sema!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Mungu atakusamehe, sema tu!" Hata mimi, nakiri, nilimwomba kwa macho. Nilikuwa nimeacha karoti zangu sokoni.

Efrazia akamgeukia Anord, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake imepanda. "Nimeolewa miaka kumi na tisa. Sikulitaja nilipokuwa na hasira naye, na nimekuwa na hasira naye sana. Sikulitaja kwenye uchungu wa kuzaa, ambapo mwanamke husema lolote. Leo nilitaje kwa ajili ya mashine? Chukua mashine."

Akaenda kwenye projekta, akaichomoa, akaanza kukunja waya polepole kama anavyoukunja kila Alhamisi. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na nililia kwa hasira.

Ndipo mlango ukasukumwa kwa fimbo.

"Nani kazima picha?"

Bibi alikuwa ameloa chepechepe, tope limemfika magotini. Gari la Magamba lilikuwa limenasa kwenye kona, naye hakuwa na subira ya kungoja wanaume wasukume, akashuka kwa miguu na goti lake lile bovu. Anord akainuka kwenye kiti. "Bibi, wewe ni nani?"

Bibi akamkazia macho. "Ulipoingia Lushoto hukuona watu wanaamkiana?"

"Shikamoo, bibi," Anord akasema upesi.

"Marahaba. Kaa." Akakaa. "Haya, nielezeni."

Nikamweleza. Kitabu, majina, mstari wa kwanza, saa saba. Alisikiliza amejiegemeza kwenye fimbo, maji yanamchuruzika. Kisha akamtazama Efrazia aliyeshika waya.

"Na wewe umekataa?"

"Nimekataa, mama."

"Hata kazi ikipotea?"

"Hata ikipotea."

Mimi nilishajiandaa kusikia mtu wa nyika, nikawa nimekunja ngumi, wallahi siku ile ningemjibu hata kama ni mkubwa wangu.

"Mwanangu," bibi akasema, "toka nje kidogo."

Efrazia hakuelewa mara moja. Aliganda pale pale, nadhani alikuwa bado analisikiliza lile neno la kwanza. Kisha akauweka waya juu ya meza, akatoka, akafunga mlango. Kupitia dirisha ambalo halikuwa na blanketi tulimwona amesimama mvuani, ametupa mgongo, amejiziba masikio kwa mikono miwili.

Bibi akalisema jina lake. Alilisema lote, la ubatizo, la baba na la babu, kwa sauti ya mtu anayegonga meza. "Andika vizuri," akamwambia Anord. "Wa mwisho kulitamka alikuwa mama yangu, na tulimzika kabla hujazaliwa." Anord akaandika.

Halafu bibi akageuka. "Na wewe, Sefania. Mama yako alipokuwa analima, mgongoni kwangu ndipo ulipolala. Nilikuwa hewa?"

Sefania alitazama darini, akatazama viatu vyake, akakumbuka kwamba ana malori.

"Mwiteni mwanangu," bibi akasema, anajikokota kwenda benchi la mbele. "Na hiyo picha ianze, nimetembea."

Efrazia aliingia maji yanamtiririka. Bibi akalishusha blanketi lake mwenyewe kutoka mabegani, akamtupia. "Jifute, utapata homa." Efrazia akasema, "Hongea, mama," asante yetu hiyo ya Kishambaa, akachomeka waya.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Karoti zangu zililala, nikazirudisha nyumbani, tukala karoti mpaka Idrisa akiona sufuria anageuza uso. Lakini lori la Sefania lilishuka Mombo nusu tupu, na huko Dar waliomngoja hawakumchekea. Gulio lililofuata malori yakarudi kupakia saa nane na nusu, na vilemba vya magunia mpaka leo hatushoni.

Baada ya wiki tatu ikaja barua. Projekta inabaki. Chumba kinabaki. Kaimu anapewa onyo kwa kutofuata utaratibu, na kuanzia sasa ahakikishe kila mhudhuriaji anaandikwa jina kamili bila kujali mila. Efrazia akaisoma mara mbili, akachukua pini, akaibandika kwenye ubao wa matangazo pembeni ya tangazo la filamu ya Alhamisi ijayo. Siku hizi kila mwanamke akifika mlangoni anatangaza jina lake kwa nguvu kama mgeni rasmi, na tumelipenda jambo hilo. Mwajuma anaweza kulisema lake mara tatu.

Ila mstari wa kwanza Efrazia anaandika Mkwe. Onyo la pili lilikuja, liko ubaoni pia, chini ya lile la kwanza. Nafasi ya la tatu ameshaiacha.

Mnataka kulijua jina lenyewe? Tulikuwa watu zaidi ya arobaini mle ndani na wote tulilisikia. Hakuna aliyelitoa. Ninalo hapa kifuani, ningeweza kuliandika sasa hivi. Lakini Efrazia anasoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata gazeti la kufungia hoho, na hii pia ataisoma. Kwa hiyo siliandiki. Anayelitaka aje Alhamisi saa sita na nusu, bure, amuulize mwenyewe pale benchi la mbele. Na aanze na shikamoo.